Sinema ya Kirusi na Kauli Niliyokataa Kuigeuza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikitaka. Ilikuwa Unguja, asubuhi, nami bado msichana. Nilikuwa nimekaa katika ukumbi wa vijana, madirisha yote yamefungwa ili kiza kiingie, pembeni yangu yupo katibu wa ukumbi, na mbele yetu inapita sinema ya Kirusi ambayo jioni yake nilitakiwa niitafsiri mbele za watu. Leo mie bibi kizee. Nakaa Al Amerat, huku Maskati, kwa mwanangu wa kiume, magoti yameshakataa ngazi, na wajukuu wakitaka kunichokoza wananiambia niseme kitu kwa Kirusi. Nikisema, wanacheka. Basi kaa hapa karibu nikwambie Kirusi kile kilinifikisha wapi.

Najua utauliza, Bi Asya na Kirusi wapi na wapi? Zama zile vijana wengi wa kwetu walipelekwa nchi za mbali kusoma. Mie walinipeleka Urusi nikasomee ukunga. Nilitoka nyumbani na kanga zangu, nikashushwa kwenye mji ambao mate yanaganda kabla hayajafika chini. Nililia wiki za mwanzo. Kisha nikazoea, nikajifunza lugha yao mpaka nikawa naota kwa Kirusi, nikarudi Unguja mkunga kamili. Mchana nilikuwa hospitali. Jioni, pale sinema zilipokuja, niliitwa ukumbini, kwa sababu zilikuja katika makopo makubwa ya bati, waigizaji wanasema Kirusi mwanzo mpaka mwisho, na watu wetu wakikodoa macho tu. Nilikuwa nikisimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, wao wakisema nami nasema.

Kazi hiyo niliipenda, sitaki kukuficha. Nilikuwa nikiwafanya watu wacheke pale wanapotakiwa kucheka, na walie pale wanapotakiwa kulia. Ukumbi mzima unasikiliza sauti yako katika kiza, mwanangu, ni jambo kubwa kwa msichana.

Sinema ya siku hiyo haikuwa maarufu hata kwao wenyewe. Kule nilikosomea sikuwahi kumsikia mtu akiitaja. Haikuwa na rangi, na sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Lakini nilipoiona asubuhi ile ilinikaa moyoni. Ilikuwa habari ya vijana wa mji mdogo wa reli, zama Warusi walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa mapinduzi upande huu na Weupe wa mfalme upande ule, ndugu na ndugu. Vijana hawa ni wa upande wa Wekundu, na mkubwa wao ni msichana anaitwa Lida. Wamepewa kazi ya kulinda shule iliyobomolewa na mizinga, na wao wameapa kwamba vita vikimalizika tu, watoto wa mji waingie darasani siku hiyo hiyo.

Baridi inawaua. Hakuna kuni. Mmoja wao anashika shoka apasue madawati wakoke moto, na Lida anamzuia. Anamwambia, "Haya si kuni. Hapa atakaa mtoto." Basi wanalala wamekumbatiana kama vifaranga, na madawati yamepangwa safu safu hayajaguswa. Nilipoona hapo nilijisemea, vijana ndio hawa.

Kulikuwa na mwalimu mzee wa shule hiyo. Hawapendi vijana hawa hata kidogo, anawaita wahuni mbele ya macho yao, lakini kila siku anakuja kuziba matundu ya ukuta kwa udongo. Kumbe mwalimu huyu amemficha chini ya sakafu mwanafunzi wake wa zamani, kijana wa jeshi la Weupe, aliyeumia mguu. Siri ikatoka. Kamanda wa Wekundu akaja kwa farasi akamwambia Lida: mzee huyu apigwe risasi, na wewe ndiye utakayetoa amri.

Lida anamwangalia kamanda, kamera imemkaribia mpaka uso wake umejaa kitambaa chote. Anasema, "Kama lazima nimuue mwalimu ndipo shule ifunguliwe, basi hao watoto nitakuja kuwafundisha nini?" Anafungua mkanda, anaivua bastola yake, anaiweka juu ya dawati.

Pale ndipo katibu alipoamuru mashine isimamishwe, akamtuma mwenye mashine nje akanywe chai. Katibu huyu tulikuwa tukimwita Komredi Makame. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu mwenye woga, na juu yake walikuwepo watu wengine.

"Asya," akaniambia, "jioni ukifika hapo, useme yule kamanda ni mtu wa maadui. Kajipenyeza."

"Lakini si mtu wa maadui, komredi. Ni mkubwa wao wenyewe."

"Najua. Nna macho. Lakini watu watafananisha."

"Watafananisha na nini?"

Alitazama mlango, kisha akasema polepole, "Sema msichana anamwambia, 'Nimekugundua wewe jasusi.' Halafu anaweka bastola mezani kwa hasira. Inakaa vizuri kabisa. Nani atajua? Ukumbi mzima hakuna ajuaye Kirusi ila wewe."

Nikainuka niende zangu. Akaniwahi, akaongeza, "Na ile ruhusa ya mama yako kwenda Maskati kumwona dada yako, ipo mezani kwangu. Mie nataka kuisaidia ipite. Usinitie katika matatizo."

Sasa nikueleze kitu ambacho Makame alikijua na mie nilikijua na hatukukitaja. Mjomba wangu Salim, ndugu yake mama, alikuwa mwalimu. Katika siku za fujo, baada ya mapinduzi ya kwetu, watu walikuja nyumbani kwake wakamwambia anakwenda kuulizwa maswali machache. Alivaa kanzu yake, akafunga mlango mwenyewe, akaenda. Hakurudi. Hatukupewa maiti wala habari. Na tangu siku hiyo jina la Salim lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu mbele za watu. Mama alikuwa akilisema katika dua tu, tena kwa kunong'ona. Na hatukuwa peke yetu. Mjini mle kulikuwa na nyumba nyingi zenye jina lisilotajwa, za watu wa kila rangi.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilikaa chini karibu naye nikamhadithia yote, sinema na maneno ya Makame, na nilipomaliza nikamwambia, "Mama, huyo msichana akisema kweli jioni hii, wewe Maskati huendi."

Mama alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika. Aliendelea na mchele wake. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, na alikuwa akimtamani dada yangu kwa hamu kubwa mno, maana alikuwa na wajukuu kule asiowajua hata sura.

"Wewe kazi yako ipi?" akaniuliza.

"Mkunga."

"Haya. Kesho utaingia nyumba ya mtu, mkewe anatokwa na damu, wewe useme mpelekeni hospitali sasa hivi. Yule mume akikutazama akasema, huyu si ndiye aliyetudanganya ukumbini? Akasita. Mwanamke wa watu afe kwa ajili ya safari yangu mie?"

"Hawatajua, mama. Hakuna ajuaye Kirusi."

"Wewe utajua. Na siku utakapokuwa unasema kweli, sauti yako haitakuwa na nguvu, kwa sababu wewe mwenyewe unajua." Akakung'uta ungo. "Dada yako ana mume na watoto, hajambo. Nimekaa bila ya kumwona na sijafa. Mie jioni nakuja. Nitakaa nyuma. Nataka nimsikie huyo msichana anasema nini."

Wallahi, mwanangu, nimesoma kwa maprofesa wenye ndevu mpaka kifuani, lakini somo lililoniingia sawasawa ni lile la jikoni.

Jioni ukumbi ulijaa pomoni. Mbele walikaa vijana wa kikosi cha kujitolea, wamevaa mashati ya buluu. Hawa walikuwa wakijenga nyumba za watu siku za mapumziko bila ya malipo, mikono yao imejaa malengelenge, na walikuwa wanaamini kwa moyo mmoja kwamba dunia wataitengeneza wao. Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu, mweusi sana, anaitwa Khamis. Mie na yeye tulikuwa tukisalimiana tu. Nyuma yao familia, watu wazima, na kule mwisho kabisa karibu na mlango niliiona buibui ya mama.

Sinema ikaanza. Theluji ilipotokea, mtu mmoja akapiga kelele, "Pamba hizo!" ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Lida alipoyanusuru madawati, vijana wa mashati ya buluu walipiga makofi mpaka nikasubiri watulie. Nilikuwa natafsiri vizuri, najua nilikuwa natafsiri vizuri, lakini mgongo wote umerowa jasho. Makame alikuwa amesimama karibu na swichi ya kipaza sauti, ananitazama.

Kamanda akaja na farasi wake. Nikasema, "Huyu ndiye mkubwa wao. Wametoka naye mbali." Nikamwona Makame anasogea. Kamanda akatoa amri yake, nikaitoa kama alivyoitoa, neno kwa neno. Ukumbi ukatulia tuli, hata watoto. Lida akainua uso. Nami nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikasema:

"Kama lazima nimuue mwalimu ndipo shule ifunguliwe, basi hao watoto nitakuja kuwafundisha nini?"

Kisha kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Makame alikuwa amekizima. Picha zinakwenda, midomo inakwenda, Kirusi kinakwaruza, na mie sauti yangu haifiki popote.

Khamis akasimama. Hakupiga kelele. "Komredi," alisema, "mwache amalize."

"Kaa chini, Khamis."

"Sisi kila siku tunaambiwa tuwe kama vijana wale. Basi tuache tusikie wakoje."

Mwengine akasimama, na mwengine, hata safu yote ya buluu ikawa imesimama. Makame akabaki na mkono wake kwenye swichi, asijue aushushe au aukaze. Kisha Khamis akanigeukia akasema, "Sema, dada. Sema kwa kinywa. Mie nitapeleka nyuma."

Nikasema kwa kinywa. Nikisema sentensi, Khamis anaigeukia hadhara anaisema kwa sauti yake nene, na vijana wa kati wanaichukua wanaipeleka kwa watu wa mwisho, mpaka inafika mlangoni kwa mama yangu. Ndivyo tulivyoimaliza sinema ile. Lida anawekwa kwenye gari moshi anapelekwa kuhukumiwa, na sinema haisemi kama alirudi. Wenzake wanaulizwa na kamanda nani sasa atatoa amri, na mmoja mmoja anaweka silaha yake juu ya dawati. Mwalimu anaachwa. Mwisho kabisa theluji imeyeyuka, shule haina paa, watoto wamekaa kwenye madawati yale yale, na mzee anaandika herufi ubaoni. Yote hayo yalipita kinywani mwangu na vinywani mwa vijana wale. Sijapata kuwa na fakhari ya watu kama niliyokuwa nayo jioni hiyo. Mie nilisema maneno tu. Wao waliyabeba.

Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka polepole kama wanatoka msikitini. Nilimkuta mama nje. Alinishika mkono, tukatembea pamoja na watu wengi wanapita huku na huku, na yeye kwa sauti yake ya kawaida, bila ya kunong'ona, akasema, "Salim angeipenda sinema ile."

Alilitaja jina barabarani, mwanangu. Mbele za watu. Tangu siku ile tukawa tunalitaja.

Hayo hayakupita bure, usidhani. Haikumalizika wiki nikaitwa nikaambiwa kazi ya ukumbi basi, na kwamba Pemba wanahitaji mkunga, kituo cha mbali huko mashamba, niondoke upesi. Ruhusa ya mama ikakaa, ikakaa. Makame nilikutana naye mara moja tu kabla ya safari. "Umeniponza, Asya," aliniambia. Kisha akatazama viatu vyake. "Mke wangu kaniuliza kwa nini nilizima. Sina jibu la kumpa." Nilimwonea huruma, na mpaka leo namwonea.

Khamis alikuja bandarini kuniaga. Alinibebea godoro langu kichwani, na shati lile la buluu kalivaa. Aliniambia ameomba akasomeshe skuli ya shamba. "Lile swali la Lida, nataka nilijibu mbele ya watoto," alisema. Usidhani sasa nitakwambia kwamba alinioa. Hapana, niliolewa na mtu mwengine, mzuri vilevile. Lakini Khamis alisomesha mpaka uzee wake, na wanafunzi wake nimekutana nao hapa hapa Maskati, wengine wakubwa kazini. Kila ninayekutana naye namwambia, mwalimu wako nilimjua kijana. Nalisema kifua mbele.

Pemba nikafanya kazi. Usiku na mchana nilikuwa njiani, mvua na jua. Na siku moja niliitwa nyumba moja ya ndani sana, mke anazaa mara ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Nikamwambia mume lazima tumbebe mpaka hospitali, njia ni ndefu, ukisubiri utawakosa wote wawili. Wazee wa nyumba hawakutaka. Walisema hajapata mwanamke wa kwao kuzalia hospitali. Yule mume alikuwa kijana, amechanganyikiwa, akanitazama sana usoni. "Wewe siye yule dada wa sinema, uliyetolewa Unguja kwa kusema kweli?" Nikamwambia ndimi. Akawageukia wazee akasema, "Basi twende. Huyu hawezi kutudanganya." Tukambeba mwanamke yule kwa kitanda cha kamba. Akazaliwa mtoto wa kike, wakampa jina langu. Habari ilikuwa imevuka bahari kunitangulia, na mie sina habari. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali ile nikamlilia mama yangu kwa furaha.

Mama alipata ruhusa yake baada ya miaka. Alikuja Maskati akawaona wajukuu zake wameshaota ndevu, akawakalisha mapajani hivyo hivyo. Nami nikafuata na mume wangu na watoto. Huku nako nikafanya ukunga mpaka nilipostaafu, mpaka leo nikienda Azaiba dukani nasalimiwa na watu wazima niliowapokea mimi wakitoka tumboni mwa mama zao. Sasa nnaishi kwa mwanangu, naangalia milima, na wajukuu wananiletea habari za dunia.

Mjukuu wangu Muna ndiye aliyeipata sinema ile. Sijui kaitoa wapi katika kompyuta yake. Alinisikia nikiisimulia nusu nusu, akatafuta, Ijumaa moja baada ya chakula akaniwekea kwenye televisheni kubwa. Wakaja na wenzake, wasichana na wavulana, wote wanasema Kiswahili chetu cha nyumbani kilichochanganyika na Kiarabu na Kiingereza. Nikaitafsiri tena. Wao kwa theluji hawakucheka, theluji wameizoea kwenye televisheni. Lakini Lida alipoivua bastola yake, nilimwomba Muna asimamishe picha kwanza.

Kijana mmoja akasema, "Lakini Bibi, yaani, huyu kawasaliti wenzake. Vita ni vita."

Muna akamjibu kabla yangu. "Kawasaliti nani? Waliapa kufungua shule. Yeye ndiye aliyekumbuka kiapo."

Walibishana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mie niliwasikiliza, na moyo wangu ulikuwa mkunjufu, maana sijapata kuona vijana wakigombana kwa jambo lenye maana zaidi. Ndipo nikawahadithia habari za ukumbi, za Makame, za Khamis na mashati ya buluu.

Zilipita wiki kadhaa. Muna alikuwa amepata kazi katika ofisi moja ya kuleta wafanyakazi wa majumbani, upande wa Wattaya, kwa sababu anajua lugha. Mwanamke akija kutoka Tanzania, Kiarabu hajui, na mwenye nyumba Kiswahili hajui, Muna anakaa katikati. Siku hiyo alirudi mchana, si wakati wake. Aliingia chumbani kwangu na abaya yake hajaivua, akakaa kitandani.

"Bibi," akasema, "khalas, wamenifukuza kazi."

Akanieleza. Alikuja mwanamke wa Tanga anaitwa Rehema, pamoja na mama mwenye nyumba anakofanyia kazi. Kabla hawajaingia, meneja alimvuta Muna pembeni. Alimwambia, huyu atalalamika, wewe mwambie bibi yule kwamba mtu wake ana furaha, anaomba tu apumzike kidogo. Sitaki mteja aondoke amekasirika.

Wakaingia. Rehema akaanza kulia kabla ya kusema. "Dada, mwambie kwamba mama yangu mzazi yu mahututi. Nimeomba hapa ofisini waniombee ruhusa, wameniambia bosi wangu kakataa. Mwambie naomba niende nimzike au nimwone, nitarudi. Kama alikataa yeye, basi aniambie mwenyewe."

Meneja kamkodolea Muna macho. Mama mwenye nyumba anangoja. "Bibi," Muna aliniambia, "nilijua nikisema, kazi sina." Na akasema. Akatafsiri vyote, hata kile cha ofisi kusema kwamba bosi kakataa.

Yule mama wa Kiomani alishangaa. "Mie nimekataa lini? Mie sijaambiwa kitu!" Alisimama akamkumbatia Rehema pale pale, wote wawili wakalia, hawaelewani lugha na wanaelewana. Juzi yake tu naye kumbe alikuwa amemaliza matanga ya mama yake. Akamkatia tiketi siku ile ile. Rehema alimkuta mama yake hai, akamshika mkono, na habari hizo tulizipata kwa simu. Na Muna akaambiwa na meneja kesho asirudi.

"Umejuta?" nikamuuliza.

Aliivua abaya yake, akaiweka pembeni. "Naogopa," alisema. "Lakini sijajuta."

Nilimvutia kwangu nikambusu kichwani. Mpaka leo hajapata kazi nyingine ya kudumu, anafanya hiki na kile. Baba yake analalamika, na nnaelewa, gari lina gharama na njia ya kuvuka mlima kila siku si fupi. Lakini mie kila mgeni akiingia nyumba hii namwambia, huyu ni mjukuu wangu, Muna. Nangoja aniulize anafanya kazi gani, nipate kumweleza.

Basi mwanangu, unayenisikiliza, nikupe nasaha yangu waziwazi, nisikuache ukisie. Ukiwa kijana, kuwa na jambo unaloliamini. Usiwasikilize wanaokuambia kwamba kuamini ni utoto. Vijana wale wa mashati ya buluu waliamini, na nyumba walizojenga zimekaliwa na watu. Lakini jambo lako likija kukutaka uongo, au likikutaka umdhulumu mtu asiye na nguvu, simama hapo hapo, uliulize lilikuwa na maana gani tangu mwanzo. Anayekwambia uwe mkatili kwa ajili ya kheri itakayokuja kesho, mwambie kesho hiyo utaifikia ukiwa nani. Na watu wakikuamini ukawa sauti yao, maneno yao si mali yako. Yatoe kama walivyokupa. Utapoteza kitu, sikudanganyi. Mie nilipoteza, mama alipoteza, Muna amepoteza. Lakini utaweza kumtazama mtu usoni ukamwambia twende, naye akaja.

Na ukimwona mwenzako amesimama peke yake anasema kweli, na kipaza sauti kimezimwa, usikae chini. Ipokee sentensi yake uipeleke nyuma.

Mwenyezi Mungu akupe moyo mkubwa na ulimi msafi. Akukutanishe na wema wakati wa uzito, akuruzuku riziki isiyokutaka uiname, akuhifadhi na woga unaomfanya mtu azime sauti ya mwenzake. Akulinde wewe na wazazi wako na watakaotoka kwako, na siku jina lako likitajwa mbele za watu, litajwe kwa sauti, na anayelitaja aone fakhari. Amin, mwanangu. Amin.